Orodha ya viti maalum ibandikwe ukutani kabla ya kura

Mhariri,

Katika uchaguzi mkuu wa 2020, ACT-Wazalendo ilishinda majimbo 4 na haikupata kiti maalum hata kimoja. CUF ilishinda majimbo 3, nayo ikatoka mikono mitupu. Chadema ilishinda jimbo 1 tu, Nkasi Kaskazini, ikagawiwa viti maalum 19. Waliosikia hesabu hiyo bila maelezo walihisi kuna mkono wa mtu. Kumbe mgawo wenyewe ulifuata Katiba. Kasoro iko kwingine: namna majina ya wanawake wanaokalia viti hivyo yanavyopatikana, na wakati ambapo mpiga kura anayajua. Naomba nafasi katika safu yako nieleze hesabu inavyokwenda, inapokwama, na kwa nini orodha ya viti maalum ya kila chama inapaswa kuwa hadharani kabla hatujaingia kwenye foleni ya kupiga kura.

Ibara ya 66 ya Katiba ya 1977 ndiyo inayotaja wabunge wetu ni akina nani. Wapo wa majimbo: walikuwa 264 mwaka 2020, na majimbo yakafika 272 mwaka 2025 baada ya Tume ya Uchaguzi kuongeza 8, yakiwamo Kivule na Chamazi jijini Dar es Salaam, Mtumba jijini Dodoma na Uyole jijini Mbeya. Wapo 5 wanaochaguliwa na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar kutoka miongoni mwa wajumbe wake. Yupo Mwanasheria Mkuu wa Serikali, anayeingia kwa cheo chake. Wapo wasiozidi 10 wa kuteuliwa na Rais, angalau 5 kati yao wakiwa wanawake. Spika naye huhesabiwa iwapo hakutoka miongoni mwa wabunge. Wanaobaki ni wabunge wanawake wanaopatikana kwa uwiano wa kura za vyama, ndio tunaowaita wa viti maalum.

Idadi yao huwachanganya watu wengi, kwa hiyo nitaifungua kidogo. Katiba inataka isipungue asilimia 30 ya wabunge wengine. Hiyo ni sakafu, dari haikuwekwa. Mwaka 2005 kulikuwa na majimbo 232. Ongeza 5 wa Zanzibar, 1 Mwanasheria Mkuu na 10 wa Rais, unapata 248. Asilimia 30 yake ni 74.4, na viti vilikuwa 75. Mwaka 2010 majimbo yalikuwa 239, jumla 255, na viti maalum vikawa 102. Chukua kikokotoo ugawe: ni asilimia 40 kamili. Mwaka 2015 na 2020, majimbo yalipokuwa 264, jumla ilikuwa 280, au 281 ukimweka Spika wa kutoka nje. Asilimia 40 ya 281 ni 112.4, nayo ukiipandisha inakuwa 113. Ndivyo viti vilivyokuwa. Kwa majimbo 272, hesabu hiyohiyo inatoa 116. Basi viti hivi havipandi kiholela. Vinapanda kwa sababu majimbo yameongezeka, na kwa sababu tangu 2010 kinachofuatwa kwa vitendo ni asilimia 40. Tulikotoka ni mbali pia: mwaka 1985 viti vya wanawake vilikuwa 15, na mwaka 1995 vilikuwa 37.

Naviunga mkono viti hivi, nalisema hilo mapema ili hoja yangu isije ikatumiwa na wanaotaka vifutwe. Mwaka 2020 wanawake walioshinda majimboni walikuwa 26 kati ya 264. Bila viti maalum, Bunge lingekuwa na mwanamke mmoja katika kila wabunge kumi wa majimbo, na hata huyo mmoja kwa kubahatisha. Wapo walioanzia huko wakaenda kushinda majimboni: Halima Mdee aliingia kwa viti maalum mwaka 2005 akashinda Kawe mwaka 2010, Ester Bulaya aliingia mwaka 2010 akashinda Bunda Mjini mwaka 2015. Ninachotaka ni kiti hiki kiheshimiwe sawa na cha jimbo, na heshima hiyo inaanza na jina kujulikana kabla ya kura.

Sasa tuje kwenye mgawo. Ibara ya 78 inasema chama kinachostahili ni kile kilichopata angalau asilimia 5 ya kura zote halali za ubunge nchi nzima. Tuangalie vizuri maneno hayo. Kinachohesabiwa ni kura za ubunge. Za urais ni sanduku lingine. Ni kura halali, kwa hiyo zilizoharibika hazimo. Na idadi ya majimbo ambayo chama kimeshinda haiingii popote kwenye hesabu. Chama chenye ngome Pemba kinaweza kushinda majimbo kadhaa yenye wapiga kura wachache na kura zake zote zisifike asilimia 5 ya nchi. Chama kilichoshindwa karibu kila jimbo, lakini kikawa cha pili katika majimbo makubwa ya Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya na Arusha, kitaivuka. Hilo ndilo lililotokea 2020.

Nitoe mfano wa kubuni wenye tarakimu nyepesi. Kura halali za ubunge ni 14,000,000, kwa hiyo mstari wa asilimia 5 uko kwenye 700,000. Chama A kina 8,400,000, chama B kina 3,900,000, chama C kina 1,100,000, na vyama vingine vyote kwa pamoja vina 600,000, vyote chini ya mstari. Vilivyovuka vina jumla ya 13,400,000. Gawa viti 113 kwa uwiano huo: A inapata 70.84, B 32.89, C 9.28. Kiti hakigawanyiki, kwa hiyo tunachukua namba nzima kwanza: 70, 32 na 9, jumla 111. Viti 2 vimebaki. Ukivipa vyama vyenye masalio makubwa zaidi, kimoja kinakwenda B na kingine A, unamaliza na 71, 33 na 9. Ukitumia kanuni nyingine ya kukadiria, viti hivyo 2 vinaweza kuangukia kwingine. Kwa mwanamke aliye wa mwisho kwenye orodha ya chama chake, desimali hiyo ni miaka 5 ya maisha yake.

Sasa chukulia kwamba kura hizo 600,000 zilikuwa za chama kimoja, D, na kwamba zilikuwa zaidi kidogo. Chama D kikiwa na kura 699,999 kati ya 14,000,000 hakipati kitu. Kikipata kura moja zaidi, kinaingia kwenye mgawo na kudai viti 5.65, yaani viti 5 au 6. Ndiyo maana mawakala wa vyama vidogo wanapaswa kulinda kura ya ubunge hata kwenye jimbo ambalo mgombea wao hana matumaini. Vyama vingi havifanyi hivyo. Huweka nguvu zote kwenye majimbo matatu au manne, kwingine havisimamishi mgombea kabisa, halafu hushangaa kura za taifa zikigota kwenye asilimia 3. Jimbo lisilo na mgombea wako ni jimbo lisilokupa hata kura moja ya viti maalum.

Kura zenyewe zinasafiri hivi. Kituoni, baada ya kuhesabu, msimamizi wa kituo hujaza fomu ya matokeo ya ubunge, Fomu Na. 21B. Mawakala waliopo huisaini, kila mmoja hupewa nakala, na nakala moja hubandikwa nje ya kituo. Usiku ule watu husogea na tochi za simu kuisoma: jina la mgombea, chama, kura kwa tarakimu na kwa maneno, chini yake kura halali, zilizoharibika, na jumla. Kutoka hapo fomu huenda kwa msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, ambaye hujumlisha vituo vyote kwenye Fomu Na. 24B na kumtangaza mshindi. Tume huchukua fomu za majimbo yote na kujumlisha kura za kila chama. Jimbo likiahirishwa kwa sababu mgombea amefariki, hesabu ya taifa inabaki na pengo. Mwaka 2015 majimbo 8 yaliahirishwa, kwa hiyo Tume iligawa viti 110 kwanza: CCM 64, Chadema 36, CUF 10. Vile 3 vilisubiri majimbo hayo yapige kura, kisha 2 vikaenda CCM na 1 Chadema.

Mpaka hapo kila kitu kina karatasi ambayo mwananchi anaweza kuiona ukutani. Ni katika hatua inayofuata ndipo pazia linaposhuka.

Tume ikishajua chama fulani kina viti vingapi, chama hupendekeza majina. Kila mwanamke anayependekezwa hujaza fomu yake ya uteuzi, Fomu Na. 8D, na chama huithibitisha kwa saini ya kiongozi wake mwenye mamlaka na mhuri. Fomu hukabidhiwa Tume, Tume huteua, Spika hupewa taarifa, na mbunge huapa. Ukilinganisha na mgombea wa jimbo utaona tofauti kubwa. Mgombea wa jimbo hutafuta wadhamini wasiopungua 25 walioandikishwa katika jimbo hilo. Fomu yake ya uteuzi hubandikwa nje ya ofisi ya msimamizi, na mgombea mwenzake anaweza kumwekea pingamizi: si raia, hajui kusoma wala kuandika Kiswahili au Kiingereza, hajatimiza miaka 21, ametiwa hatiani kwa kukwepa kodi katika miaka 5 kabla ya uchaguzi. Anayepinga hupewa muda, msimamizi wa uchaguzi huamua, na asiyeridhika hukata rufaa kwa Tume. Mwanamke wa viti maalum anatakiwa kuwa na sifa zilezile za Ibara ya 67, lakini fomu yake haibandikwi popote. Hakuna mwananchi anayepewa nafasi ya kusema neno juu yake. Yeye mwenyewe anaumia kwa hilo, kwa sababu anaingia bungeni bila kupimwa mbele ya watu, kisha kwa miaka 5 anaambiwa kwamba ni mbunge wa kupewa.

Matatizo mawili makubwa ya miaka ya karibuni yametokana na pazia hilohilo.

La kwanza ni la 2017. CUF ilikuwa imegawanyika pande mbili. Mwezi Julai upande mmoja ulimwandikia Spika kwamba wabunge 8 wa viti maalum wamevuliwa uanachama. Kwa Ibara ya 71, mbunge anayekoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni anapoteza kiti. Spika alitangaza viti hivyo kuwa wazi, Tume ikateua wanawake wengine 8, na kuanzia Septemba mwaka huohuo wakaapishwa. Kiti cha viti maalum kikiwa wazi hakuna uchaguzi mdogo kama wa jimbo. Hurudi kwa chama. Kwa hiyo swali zito lilikuwa moja tu: ni upande upi wa chama unaotambuliwa kuandika barua.

La pili ni la 2020. Novemba 24 wanawake 19 wa Chadema waliapishwa na Spika katika viwanja vya Bunge Dodoma, nje ya ukumbi. Uongozi wa chama ulisema haukupeleka majina yoyote, kwa kuwa chama hakikuyatambua matokeo ya uchaguzi. Tume ilisema ilipokea majina kutoka kwenye chama. Novemba 27 Kamati Kuu ikawavua uanachama. Mei 2022 Baraza Kuu likazitupa rufaa zao. Shauri likaenda Mahakama Kuu, nao wakaendelea kuketi bungeni mpaka Bunge lilipofika mwisho wake mwaka 2025. Sitaki kuamua hapa nani alikuwa mkweli kuhusu fomu zile. Ninachosema ni kwamba nchi nzima ilibishana miaka mitano juu ya bahasha ambayo hakuna raia aliyeiona.

Tazama matukio hayo mawili kwa pamoja. Katiba ni ileile, Ibara ya 71 ni ileile, Spika alikuwa yuleyule mwanzoni mwa matukio yote mawili, na barua za kuvuliwa uanachama zilikuwapo mara zote mbili. Mara moja viti vikawa wazi ndani ya siku chache. Mara nyingine wenye viti wakabaki hadi mwisho. Mwanasheria atasema mazingira ya kimahakama yalitofautiana, na atakuwa na hoja. Mpiga kura aliyempa mgombea wa chama fulani kura ya ubunge, akijua kura hiyo inachangia viti maalum, atauliza kura yake ilimpeleka nani bungeni. Kwa utaratibu wa sasa hana pa kulipata jibu, kwa sababu siku alipopiga kura majina hayakuwapo hadharani.

Pendekezo langu ni hili. Siku ileile ya uteuzi wa wagombea wa majimbo, kila chama kinachosimamisha wagombea wa ubunge kiwasilishe Tume orodha ya wanawake wa viti maalum, ikiwa imepangwa kwa namba kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Mwaka 2025 siku hiyo ilikuwa Agosti 27, na kura zilipigwa Oktoba 29, kwa hiyo pangekuwa na siku 63 za watu kuisoma. Chama kinachotarajia makubwa kiandike majina 116 na ya akiba. Kidogo kiandike hata 10. Fomu Na. 8D za wote walioorodheshwa zijazwe siku hiyo, kila mmoja akisaini mwenyewe mbele ya hakimu au kamishna wa viapo, ili isije ikasemwa baadaye kwamba fulani hakusaini. Orodha ichapishwe katika Gazeti la Serikali na kwenye tovuti ya Tume, na ibandikwe kwenye mbao za matangazo za halmashauri na ofisi za kata, pembeni ya fomu za wagombea wa jimbo. Pingamizi ziruhusiwe kwa sababu zilezile za Ibara ya 67. Baada ya hapo orodha ifungwe. Hakuna kuingiza jina jipya, hakuna kubadili namba.

Matokeo yakitoka, Tume inahesabu tu kutoka juu. Chama kimepata 19, namba 1 hadi 19 wanaingia. Mmoja akifariki, akijiuzulu au akipoteza uanachama, namba 20 anapanda. Hapo ndipo dawa ya tatizo la 2017 ilipo: upande wa chama unaotaka kumfukuza mbunge ili uweke mtu wake hautafaidika, kwa kuwa anayefuata ameshajulikana tangu kabla ya kura. Orodha iliyofungwa haimzuii mtu kufukuzwa kwa kosa la kweli. Inaondoa faida ya kumfukuza kwa hila.

Kwa hali kama ya 2020, sheria iseme wazi chama kinachokataa viti kifanye nini. Napendekeza kikao chenye mamlaka, Kamati Kuu au Halmashauri Kuu kulingana na katiba ya chama, kipewe siku 7 tangu Tume itangaze mgawo kuwasilisha muhtasari wa uamuzi wa kukataa. Muhtasari ukiwasilishwa, viti vibaki wazi na itangazwe hivyo. Usipowasilishwa, orodha iliyochapishwa itumike. Kwa njia hiyo hakuna nafasi ya kubishana kama bahasha ilifika au haikufika.

Najua pingamizi zitakazokuja. Ibara ya 78 inazungumzia chama ambacho tayari kimepata asilimia 5, kwa hiyo mapendekezo rasmi ya majina yanakuja baada ya kura. Ni kweli. Lakini hakuna linalozuia Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ya 2024 kurekebishwa iseme kwamba majina yatakayopendekezwa baada ya kura lazima yatoke, kwa mpangilio, kwenye orodha iliyowasilishwa siku ya uteuzi. Sheria hiyohiyo iliondoa utaratibu wa mgombea wa jimbo kupita bila kupingwa. Sasa mgombea pekee hupigiwa kura ya ndiyo au hapana. Waliotunga kifungu hicho walitambua kwamba mbunge asiyepita mbele ya mpiga kura ana upungufu. Wamalize kazi kwa upande wa pili.

Pingamizi zito zaidi linatoka ndani ya vyama, nami nalichukulia kwa uzito. Viongozi wengi, hasa wa upinzani, hupenda kuwapa viti maalum wanawake waliopambana majimboni wakashindwa. Wanasema ukipanga orodha mapema, aliye namba 3 hatatoka jasho kwenye kampeni, na aliye namba 60 atakata tamaa. Jawabu lake ni kuruhusu jina moja kuwa sehemu zote mbili. Mwanamke agombee jimbo na awe kwenye orodha. Akishinda jimbo, jina lake linarukwa na anayefuata anapanda. Wanawake wanaogombea majimbo magumu wawekwe juu kwenye orodha tangu mwanzo, ili chama kionyeshe hadharani kwamba kinathamini mapambano yao. Na kwa kuwa viti vinatokana na kura za chama kizima, namba 60 ana kila sababu ya kuhangaika: kila kura anayoileta inalisogeza jina lake karibu na mlango.

Kwa CCM, kazi ya kuandaa majina kwa sehemu kubwa huwa imefanyika kabla ya uchaguzi mkuu. Wajumbe wa UWT, jumuiya ya wanawake ya chama hicho, mikoani hupiga kura zao za maoni, makundi kama vijana na watu wenye ulemavu yana nafasi zao, na vikao vya juu hupitisha. Majina yapo. Kisichojulikana kwa mwananchi ni mpangilio wa mwisho: viti vikiwa 94 badala ya 113, shoka linaangukia mkoa gani na kundi gani? Hapo ndipo simu zinapopigwa usiku, na hapo ndipo fedha hupenya. Mpangilio ukichapishwa Agosti, mwenye malalamiko ya rushwa atakwenda TAKUKURU na ushahidi ungali mbichi.

Mpangilio utafichua jambo jingine pia. Chama kinachotarajia viti 20 kikimweka mwanamke mwenye ulemavu kwenye namba 90, kila mtu ataona kwamba jina hilo ni pambo. Leo pambo hilo halionekani.

Majirani zetu wa Kenya wanatumia orodha za aina hii kwa viti vichache: 12 katika Bunge la Taifa, na katika Seneti 16 vya wanawake, 2 vya vijana na 2 vya watu wenye ulemavu. Ibara ya 90 ya Katiba yao ya 2010 inataka orodha ipelekwe kwa IEBC, tume yao ya uchaguzi, kabla ya uchaguzi, na sheria imeweka siku zisizopungua 45. Majina hupangwa kwa kupishanisha mwanamke na mwanamume isipokuwa kwenye vile viti vya wanawake pekee, na nafasi ikiwa wazi hujazwa kutoka orodha ileile. Mgawo wao hufuata idadi ya viti ambavyo chama kimeshinda, tofauti na wetu unaofuata kura. Hawajapona kila ugonjwa. Watu wa karibu na wakubwa wa vyama huonekana juu ya orodha, na kila uchaguzi Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa hujaa mashauri. Lakini mashauri hayo yanabishaniwa juu ya karatasi iliyochapishwa, ambayo mlalamikaji, chama na jopo wote wanaishika mkononi.

Liko pia jambo la pesa na ofisi, ambalo linahusiana na hili kuliko inavyodhaniwa. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ulioanzishwa kwa sheria ya 2009 unasimamiwa na kamati inayoongozwa na mbunge wa jimbo. Mbunge wa viti maalum hana mfuko huo. Ibara ya 51 nayo inataka Waziri Mkuu atoke miongoni mwa wabunge wa majimbo, kwa hiyo mlango huo kwake umefungwa. Wabunge wa viti maalum wamelalamikia daraja hili la pili kwa miaka, na wana haki. Ila kila wanapodai mfuko au mamlaka zaidi, hujibiwa kwa swali lilelile: nani alikuchagua? Orodha iliyokaa ukutani siku 63 kabla ya kura ingewapa jibu la kusimama nalo, kwamba jina lao lilikuwa mbele ya wapiga kura na chama kikapata kura kikiwa na jina hilo.

Uchaguzi mkuu ujao ni 2030. Muswada wa marekebisho unaweza kuletwa na Serikali, au na mbunge yeyote kama muswada binafsi, na ingependeza uletwe na mmoja wa wabunge wa viti maalum wenyewe. Tume nayo, bila kusubiri sheria, inaweza kuanza na jambo dogo: itangaze kila mara jedwali kamili la mgawo, likionyesha kura za ubunge za kila chama, asilimia zake, desimali, na kanuni iliyotumika kugawa viti vya mwisho. Jedwali hilo ni ukurasa mmoja. Na UWT, BAWACHA (baraza la wanawake la Chadema) na Ngome ya Wanawake ya ACT-Wazalendo hawahitaji idhini ya mtu kuchapisha orodha zao kwa hiari, kwa namba, mapema Agosti 2030. Chama kitakachotangulia kufanya hivyo kitawaweka wengine mahali pa kueleza kwa nini zao zimo kwenye bahasha.

Msomaji wako,
Dodoma